Vipimo

Kifua themanini na sita, kiuno sitini na tatu,
niliandika kwa chaki juu ya meza,
maana daftari lilikuwa limeloa:
paa langu la Kadutu halijui nje wala ndani.
Nsimire M'Birindwa alisimama wima, mikono kando,
akinukia sambaza za mama yake na sabuni ya mche.
Akaniuliza: Mama Chekanabo, nikivuta pumzi nguo itakubali?
Nikamwambia vuta.
Gauni lisilopumua ni sanda yenye shanga.

Wanasema nchi hushinda kwa uso.
Sijui. Uso sijawahi kuushona.
Najua umeme ulikuja saa saba za usiku,
ukakaa dakika arobaini kama mgeni mwenye haraka,
pasi haijashika moto vizuri, giza.
Nikarudi kwenye cherehani ya miguu,
tochi ya simu nimeiuma kwa meno,
shanga elfu mbili na mia tatu, moja moja,
na jirani ukutani akikohoa: nchi ina msiba,
wewe unashona nyota?
Nilitema simu, nikamjibu:
hata kwenye msiba kuna anayechana nywele za mfiwa.

Kutembea alijifunzia kwenye mteremko wa Buholo,
viatu vya binti wa mchungaji, namba moja pungufu,
mvua imenyesha jana, udongo unateleza kama ndizi,
watoto nyuma yake wanahesabu atakapoanguka.
Alianguka mara nne. Ya tano hawakuhesabu,
walimshika mkono.

Kiingereza alimpa mwalimu Bisimwa,
kwa kamusi iliyoliwa na panya kurasa za mwanzo.
Walianzia herufi ya D.
Kumbe maneno mengi ya mashindano yale
yalikuwa tumboni mwa panya.

Pasipoti iliomba dola,
kisha ikaomba dola nyingine
za kuharakisha zile dola za kwanza.
Mama yake aliuza mitungi miwili, na kitenge cha harusi.
Ilifika siku tatu baada ya wenzake kupanda jukwaani kwa majaribio.

Aliniandikia kutoka huko, ujumbe mfupi, usiku:
Mama, kuna wasichana hapa wameanza wakiwa na miaka sita.
Wana daktari wa meno, mwalimu wa kucheka,
mtu wa kubeba viatu, mtu wa kumbeba huyo mtu.
Nchi zao zimekuja nao, zimejaa kwenye masanduku.
Mimi nimekuja na wewe, kwenye pindo.

Siku yenyewe tulikuwa watu kumi na moja kwenye simu moja.
Walipomtaja, nyuma yake ikapepea bendera
ya Kongo ile nyingine, ng'ambo ya mto.
Kumi na moja tulipiga kelele. Nani alisikia?
Halafu swali: sekunde thelathini, tueleze nchi yako.
Sekunde thelathini! Mimi natia uzi kwenye sindano kwa muda huo.
Tulijua wanangoja nini: risasi, machozi.
Yeye akaanza na sambaza,
jinsi wavuvi wa Kivu wanavyowasha taa usiku
na ziwa linaonekana kama mji ulioanguka majini bila kuzima.
Kengele ikagonga katikati ya neno.
Halafu simu yetu ikafa, na chaji yake.

Hakushika nafasi. Tulijua asubuhi.
Gauni limerudi, liko mbele yangu hapa,
shanga tisa hazipo, pindoni vumbi jeupe la jukwaa,
laini kama unga wa muhogo.
Sijalifua.

Leo ameingia mwingine, Cibalonza, miaka kumi na saba,
mrefu, shingo hiyo, mlango umebidi umsubiri.
Nsimire mwenyewe kamleta, kakaa kwenye kiti cha wateja,
anamfundisha kusema jina lake taratibu, mara mbili,
na jina la nchi mara tatu.
Msichana ameinua mikono nimpime kiuno.
Nimeweka futi chini.
Shusha mikono, binti.
Pasipoti umeanza lini?